Herufi Nne za Mkaa

9 Februari

Kwa Sindano,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua wakati wa baridi kimetulia. Mimi sijambo kiasi. Nyumba ipo, paa halivuji, na jirani yetu muuza kuku anakusalimu, ingawa sijui kama anakukumbuka kweli au ni adabu tu.

Najua hukuitegemea barua yangu. Ungesema kwa nini nisipige simu, lakini kwenye simu sisikii kitu. Masikio yangu yameliwa na nyundo, nabaki kuitikia "ndiyo, ndiyo" hata kwa mtu aliyekosea namba. Kwa hiyo naandika.

Jiwe la kaburi la mama yako liko tayari. Nililichagua mwenyewe, la kijivu, halina ufa hata mmoja. Jina lake lipo, miaka yake ipo, na chini yake nimechonga MKE, maana neno hilo nilikuwa na haki nalo. Juu ya MKE nimeacha nafasi ya neno jingine. Kanuni ya karakana hii unaijua, umekulia ndani yake. Jina nachonga kwa kusoma cheti, lakini neno la udugu sichongi mpaka aje kuliomba mtu anayelitamka. Sijawahi kuchonga MAMA kwa kuambiwa na jirani kwamba marehemu alikuwa na watoto. Mtoto aje mwenyewe, asimame mlangoni, aseme. Wapo walioniita mkaidi kwa hilo, na bado wakifiwa wanarudi kwangu.

Siku ile uliniambia kwamba siri niliificha peke yangu, basi na jiwe nilichonge peke yangu. Nimejaribu, Sindano. Limenishinda kwa neno moja.

Nisingekusumbua, lakini mkono wa kulia umeanza kutetemeka. Daktari ana jina refu la ugonjwa huu na vidonge vidogo vyeupe. Anasema hautapona, utakuwa unaongezeka polepole. Kwenye jiwe laini bado najimudu. Wateja wa mawe magumu nawaelekeza kwingine, nawaambia nina kazi nyingi. Jiwe la mama yako nataka kulimaliza kwa mkono wangu huu, nikiwa bado nauamini.

Ni hilo tu. Jitunze na baridi.

Fundi, mume wa mama yako

*

30 Aprili

Fundi,

Shikamoo, kwa kuwa mama alinifundisha kuwaamkia wakubwa. Natumaini mkono haujazidi. Mimi ni mzima, kifua kimetulia.

Barua yako ilifika mwezi wa tatu nikaiweka chini ya godoro. Andika unavyotaka. Jiwe ni lako, kaburi ni la mkeo, na mimi niko mbali.

Unataka neno kutoka kwangu, lakini mimi nilipotaka neno kutoka kwako hukunipa. Barua tatu uliniandikia. Ya kwanza ilisema mama ana homa. Ya pili ikasema homa imepungua. Ya tatu ikasema analala sana, ni uchovu, nisijali. Nikaja na zawadi mkononi, nikakuta watu wanarudisha viti vilivyoazimwa kwa ajili ya mazishi. Kila nikikiona kiti cha plastiki mahali, nakumbuka. Nina hasira nawe, Fundi, na sioni haya kukuandikia hivyo.

Unaweza kutaka kujua ninakofanya kazi, maana mama lazima alikusimulia nusu nusu. Ni kiwanda cha kufua nguo za hospitali. Mashuka yanaingia mlango mmoja yakiwa na damu, yanatokea mwingine yakiwa meupe na ya moto. Mimi niko kwenye meza ya kukunja. Kila mtu hapa ametoka kwao, hakuna anayesema lugha ya mwenzake. Tunaongea lugha ya hapa kwa kuiparua tu, kila mmoja anavyojua.

Wiki yangu ya kwanza nilisikia mtu anaita "Baba! Baba!" kule nyuma kwenye pasi. Nikageuka kumtafuta huyo mzee. Akatokea bibi kizee mfupi, kitambaa kichwani, mikono myekundu kwa mvuke. Nilidhani wananifanyia mzaha, mgeni mimi. Kumbe kwa lugha ya kwao baba ni bibi, mama mkongwe wa nyumba. Wote wanamwita hivyo, hata msimamizi. Yeye ndiye anayepiga pasi makoti ya madaktari kwa mkono, kwa sababu mashine inaharibu kola.

Mpaka leo ulimi wangu unakwama. Nikitaka kumwita nasema "samahani" tu.

Binti wa mkeo

*

21 Mei

Kwa Sindano,

Salamu, na shikamoo yako nimeipokea ingawa ilikuja imenuna. Nafurahi kifua kimetulia. Mkono uko vilevile. Asubuhi unatulia, jioni unacheza ngoma yake.

Umeniambia kuna mahali ambapo baba ni bibi kizee, nikacheka peke yangu mpaka muuza kuku akaja kuchungulia. Nilipomweleza hakucheka. Alisema watu hao wana shida. Nikamwambia wao wakikusikia wewe unamwita baba yako baba watasema wewe ndiye mwenye shida.

Neno hilo nimelichonga mara nyingi kuliko lolote jingine maishani. Ni neno la raha kwa fundi. Herufi mbili tu, kila moja inarudi. A inasimama yenyewe, haina matatizo. B ndiyo yenye matumbo, na kosa la wanagenzi wote ni kuyafanya matumbo yote mawili sawa. La chini lazima lizidi kidogo, la sivyo herufi inaonekana inataka kuanguka. Nilikufundisha hilo ukiwa mdogo, umekaa chini ya meza na sindano yako, unatoboa matundu ya kupitishia mkaa kwenye michoro yangu. Ulikuwa unatoka nje ya mstari, na mimi nilikuwa nayaziba matundu yako kwa gundi ukishalala, usione.

Niambie kama wenzako wengine nao wana baba zao. Nataka kujua.

Sasa lile jambo. Mama yako ndiye aliyenikataza. Nadhani unajua, lakini sijawahi kukuandikia waziwazi. Ulikuwa hujamaliza mwaka kazini, na ungeondoka kabla ya mwaka wasingekupokea tena. Alisema, "Mwache asimame kwanza. Nikipona nitamwambia mwenyewe." Aliamini atapona. Mimi sikuamini, ila nilikuwa naandika alichotaka, kisha yeye anasoma, mimi natia gundi bahasha. Mama yako humjui akishaamua jambo? Unamjua, kwa sababu na wewe ndivyo ulivyo.

Kuhusu jiwe, umeniambia niandike ninavyotaka. Hiyo si kuomba neno. Nimelifunika kwa gunia, linasubiri.

Fundi, mume wa mama yako

*

2 Julai

Fundi,

Shikamoo. Mimi sijambo. Vidonge usiviruke ukijiona umetulia asubuhi, nakujua.

Uliuliza, nimeuliza. Nimekuwa kichekesho cha kiwanda, nazunguka na swali moja. Yule anayeendesha mashine ya kukaushia, mwanamke mwembamba mwenye miwani, anasema kwao baba ni mtoto mchanga, au mwanasesere wa kuchezea. Akitaka kunionyesha alikunja taulo akalibeba mikononi. Dereva wa gari la mashuka anasema kwao ni kama kwetu, baba ni baba, na aliposema hivyo akageuka kupakia mashuka, kwa hiyo sikumuuliza zaidi. Msafishaji wa mabomba anasema baba ni mzazi, lakini anamwita hivyohivyo mwanawe wa miaka minne, na hapo nikakumbuka kwamba na sisi tunafanya hivyo kwa watoto wa kiume, njoo baba, kula baba. Mpishi wa kantini akaapa kwamba kwao baba ni keki iliyoloweshwa shira. Wote wakamzomea, akakasirika, kesho yake akaileta.

Tuliila tukiwa tumemzunguka bibi wa pasi, na msafishaji akasema neno hili limeanza na mtoto mchanga na kufika kwa bibi kizee, limebeba ukoo mzima. Bibi mwenyewe hakula. Alisema tumbo limejaa.

Nakuandikia kwa sababu yake. Anaumwa, Fundi. Ameanza kukaa kwenye kiti wakati wa kupiga pasi, na hajawahi. Nguo zimempwaya, hata koti lake la kazi. Jumapili alinikaribisha chumbani kwake, kitanda, jiko la kuwekea sufuria moja na picha ya mwanawe dirishani. Mwanawe anafanya kazi nchi nyingine, mkewe anakaribia kujifungua. Bibi macho yake hayaoni tena mistari, na mimi ndiye mwenye mwandiko unaosomeka, eti. Akaniambia kwa lugha yetu ile ya kuparua: "Mwandikie mafua. Mafua tu. Mtoto azaliwe kwanza."

Nilimwambia kalamu imeisha wino. Ndilo nililoweza.

Jumapili ijayo atanikaribisha tena. Sina wa kumuuliza isipokuwa wewe, na unaweza kuona inavyonigharimu kuandika hivyo. Nifanye nini?

Binti wa mkeo

*

24 Julai

Kwa Sindano,

Salamu. Naandika haraka ili barua iwahi, ingawa najua haitawahi. Samahani kwa mwandiko.

Nilianza kukujibu mara nyingi nikachana. Nikikuambia mtii, nitakuwa najitetea. Nikikuambia mkatalie, nitakuwa namlaumu mama yako, na yeye hawezi kunijibu.

Nitakuambia yaliyonipata tu. Nilimtii mama yako, naye alilala miezi yake ya mwisho akiwa na amani kwamba wewe unafanya kazi. Kila barua yako ilipofika nilimsomea, akaiweka chini ya mto. Hilo silijutii. Kisha nikakuona mlangoni na zawadi yako, watu wamebeba viti, nikajua nimekupoteza na wewe. Hilo nalijutia kila siku. Mpaka leo sijaweza kuyapatanisha hayo mawili.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho sikujaribu, na ndicho ninachokuambia. Sikumwambia mama yako kwamba naogopa. Niliitikia kwa kichwa tu nikachukua kalamu, nikidhani ndio ushujaa. Mwambie bibi huyo kwamba unaogopa. Mwambie kilichokupata wewe, na viti vile. Baada ya hapo aamue yeye, na wewe uamue kama mkono wako utaandika.

Usijilaumu kwa lolote utakalokuwa umeshalifanya barua hii ikifika.

Fundi, mume wa mama yako

*

15 Oktoba

Fundi,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako ilifika ikiwa imechelewa. Jumapili ile nilikwenda na kalamu yenye wino, nikaandika. Mama ana mafua. Anakunywa chai. Anawasalimu. Nilimsomea, akatabasamu, akanishika shavu kwa mkono ulionuka pasi, na mimi nikatia gundi bahasha. Nilifanya kila kitu ulichofanya wewe, mpaka gundi. Niliandika ya pili mwezi wa nane. Barua yako ilikuwa imeshafika, nimeisoma mpaka naijua kwa kichwa, na bado sikuthubutu kumwambia kwamba naogopa. Alikuwa amedhoofika mno, na kila siku alikuwa anauliza kama mtoto kazaliwa.

Alizaliwa wa kike. Habari ilifika siku nne kabla ya bibi kufariki. Tulimwambia, akasikia.

Mwanawe alikuja na begi moja begani. Sisi tulikuwa tunarudisha viti vya kantini. Fundi, nilikuwa nimebeba kimoja kila mkono. Nilimjua kwa picha ile ya dirishani, na yeye akanijua kwa kitu gani sijui, labda kwa sura yangu ilivyobadilika. Aliuliza nani aliyekuwa akiandika zile barua. Nikasema ni mimi. Aliniangalia, akaenda kusimama upande wa pili wa kantini, hakunisemesha siku mbili.

Siku hizo mbili nilisimama pale uliposimama wewe. Nilikuwa najua anachofikiri, neno kwa neno, kwa sababu nilishakufikiria wewe hivyohivyo mwaka mzima na zaidi. Sikuweza kumchukia. Nikaona basi na wewe labda hukunichukia.

Siku ya tatu wenzangu walikuwa wamekubaliana kumwekea jiwe dogo, na wakabishana kuhusu la kuandika. Wengine walitaka jina lake tu. Wengine walitaka hilo walilokuwa wakimwita. Mimi nikawaambia kwamba kwetu kuna fundi mwenye kanuni, neno la udugu linaombwa na anayelitamka, na mwenye haki ya kwanza ni mwanawe. Wakanituma mimi, eti ndiye niliyeleta kanuni. Nilikwenda nikamwuliza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi nilimwita mama, hilo nitabaki nalo mwenyewe. Binti yangu ndiye angemwita Baba, na hajajua kusema. Ninyi mlimwita. Mwandikieni ninyi."

Alipokuwa anaondoka alinipa mkono. Hakusema amenisamehe. Alinipa mkono tu, na mimi nililia nikiwa njiani kurudi.

Sasa nina maombi mawili.

La kwanza. Mchongaji wa hapa anatumia mashine, na herufi zake zinafanana na za boksi la dawa. Anasema tukimletea mchoro atafuata mchoro. Tuchoree BABA, herufi za urefu wa kidole, jiwe lenyewe ni dogo. Wenzangu wote wanakuomba, na wote tulimwita hivyo. Hata mimi, mwishoni, ulimi ulifunguka.

La pili. Niko mlangoni, Fundi. Ungeniona ungejua. Naomba umchongee mama yangu neno MAMA. Ninayelitamka ni mimi.

Sindano, binti wa mama

*

20 Novemba

Kwa Sindano,

Salamu nyingi, nyingi kuliko siku zote. Pole sana kwa msiba. Wape pole wenzako, mmoja mmoja, na mwenye miwani, na dereva, na yule mwenye keki.

Sikukuchukia, hata siku moja. Niliumia, hilo sikatai. Siku nyingine nilikuwa nikishika patasi nasema nawe kwa sauti, na muuza kuku akaanza kunionea huruma akidhani nimechanganyikiwa.

MAMA imeshakaa juu ya MKE. Ilinichukua muda ambao zamani ningechongea mawe matatu. Nilikuwa nafanya kazi asubuhi tu, mkono ukianza ngoma yake naweka nyundo chini nasubiri kesho. A ya mwisho ina mguu uliopinda kidogo. Ningeweza kuusawazisha, lakini jiwe likisawazishwa hapo na pale linaisha, kwa hiyo nimeuacha. Ukija utauona, na utajua ni wangu. Tulilisimamisha mimi na muuza kuku na wanawe. Nilipoona limesimama nilikaa chini nikalia, na ilinifaa.

Karatasi ya matundu iko ndani ya bahasha hii. Unakumbuka inavyotumika, lakini waeleze wenzako. Mnaibandika juu ya jiwe, mnachukua kifuko cha kitambaa chenye unga wa mkaa, mnakigongagonga taratibu juu ya matundu, msisugue. Mkiiondoa karatasi mtaona vidoti vyeusi, huyo wa mashine avifuate. Tumbo la chini la B asiliguse, nimelikuza makusudi. Matundu mengine yametoka nje ya mstari. Sasa ni mimi ninayetoboa vibaya, na gundi ya kuziba hakuna anayeijua zaidi yangu, basi nimeyaacha.

Nimewahi kuchonga neno hili kwa wavuvi, walimu, muuza mafuta ya taa, na jambazi mmoja aliyependwa sana na wanawe. Kwa mwanamke ni mara ya kwanza. Nilipomaliza nikalitazama, nikaona herufi ni zilezile.

Nadhani huu ndio mchoro wangu wa mwisho. Usisikitike. Karatasi ikitunzwa inapigwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo msiitupe, muikunje vizuri.

Jambo moja la mwisho, kwa kuwa utaliona mwenyewe ukija na sitaki likushtue. Kando ya mama yako nimesimamisha jiwe langu. Jina nimelichonga mwenyewe, maana najua watakavyolikosea. Chini ya jina pako wazi. Sikuachia mtu nafasi ile kwa kumtega. Ni desturi ya kazi tu, na wapo wengi niliowachongea jina peke yake, nao wamelala vizuri.

Fundi, mume wa mama yako

*

11 Januari

Baba,

Shikamoo.

Nimeandika neno hilo hapo juu nikakaa kulitazama mpaka chai ikapoa. Habari ya afya? Mkono je? Unakula? Usiniambie "kiasi". Mimi ni mzima kabisa.

Jiwe la bibi wa pasi limesimama. Tulikwenda kwa mchongaji siku ya mapumziko, wote, na mpishi akavaa tai. Mimi ndiye niliyegonga mkaa. Mchongaji wa mashine alipoona vidoti aliizima mashine akachukua patasi, akasema herufi hizi hazitaki mashine. Tumbo la chini hakuligusa.

Baadaye tulisimama mbele ya jiwe, na kila mmoja alikuwa anasoma neno la kwao. Mwenye miwani alisoma mtoto. Msafishaji alimsoma mwanawe na baba yake pamoja. Mpishi hakusema keki, alikuwa analia. Hakuna aliyebishana na mwenzake safari hii. Picha ya jiwe nimemtumia yule mwana, na akajibu kwa kututumia picha ya mtoto. Ana paji la uso la bibi yake.

Walipokuwa wanasifu herufi wakaniuliza nani aliyechora. Nilifungua mdomo kusema fundi wa kwetu. Nikasema, "Baba yangu." Nilisema kwa lugha yetu, sikujua hata kama nimesema. Wengine wakangoja tafsiri. Dereva peke yake akaitikia kwa kichwa, akaniuliza kama bado yuko hai. Nikasema yupo. Akaniambia niende nyumbani.

Ulipomwoa mama nilikuwa na miaka sita, nikakuita Fundi kwa sababu wateja walikuita hivyo, na hakuna aliyenisahihisha. Baadaye nikawa mkubwa na likawa zoea. Baadaye tena nikawa na hasira, nikalishika kama kisu. Wewe hukuniomba jingine hata siku moja. Kanuni yako ilikuwa inakuzuia, nimeelewa sasa. Ulimsubiri mwenye neno.

Basi mwenye neno amefika. Karatasi ninairudisha ndani ya barua hii. Samahani ni chafu, mkaa hautoki, na kona moja imelowa shira ya mpishi. Herufi ni zilezile, ulisema mwenyewe. Hizi sasa ni zako, nimeziomba mimi.

Ila usizichonge, wala usimpe mtu azichonge. Likizo yangu ni mwezi wa saba na tiketi nimeshaikata. Nataka nikuite kwa mdomo kwanza, wewe ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha karakana na kuniambia nipunguze sauti ingawa husikii. Nikuite mpaka unichoke. Jiwe lisubiri, limezoea.

Meza vidonge.

Mwanao,
Sindano

*

16 Machi

Kwa mwanangu,

Marahaba. Karatasi imefika. Shira imeleta sisimizi.

Naandika kidogo kwa sababu kalamu imenishinda, mistari hii nimeianza asubuhi na sasa jua limegeuka. Nakula. Vidonge nameza. Muuza kuku ni shahidi, amepewa kazi ya kunihesabia.

Umenikataza kuchonga kabla ya wakati. Kuhusu mkaa hukusema kitu. Nimeibandika karatasi ukutani mbele ya kiti changu nikaigonga, ili nione kama neno linanikaa. Muuza kuku akaingia akashtuka, akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, mwanangu anakuja mwezi wa saba. Sikufuta.

Sahihi yangu mkono hauwezi tena, kwa hiyo nimeigonga hapa chini kwa karatasi yetu. Matundu yaliyotoka nje ya mstari usiyajali.

B A B A